Nozeli za pili zikifunguka gari linashtuka: anza na presha

Ndugu, umesema gari lako la tabo (turbo) lenye nozeli za hatua mbili, yaani seti ya pili ya kunyunyiza mafuta huongezwa injini ikihitaji zaidi, linavuta vizuri mpaka nozeli za pili zinapofunguka, linashtuka, kisha mizunguko ikipanda mafuta hayatoshi. Tafadhali usiguse kwanza ramani ya mafuta (jedwali la kompyuta ya injini linalopanga kiasi cha mafuta). Hapo naona matatizo mawili: presha ya mafuta, na mshtuko wenyewe.

Funga geji kwenye reli ya mafuta (bomba linalogawia nozeli mafuta) uisome gari likiwa na mzigo. Likiunguruma limesimama haitakuambia kitu. Kama regyuleta yako (kidhibiti cha presha ya mafuta) inafuata presha ya manifoldi (njia ya hewa kuingia injini) na presha ya msingi ni bar 3, tabo ikisukuma bar 1 geji isome bar 4. Ikigoma kwenye 3.4, nozeli zinanyimwa. Kabla ya kununua pampu, pima volti kwenye soketi ya pampu yenyewe, injini ikivuta. Niliwahi kukuta 13.8 kwenye betri na 11.2 kwenye pampu: chini ya boliti ya waya wa ethi kulikuwa na kutu ya kijani. Nilisugua, nikaweka waya mnene, presha ikasimama. Filta nayo iangalie.

Mshtuko mara nyingi ni hesabu. Nozeli kubwa zikifunguliwa kwa muda mfupi mno hazipimi mafuta sawasawa, na zikiwa mbali na valvu, mafuta ya mwanzo huishia kulowesha kuta za manifoldi. Hakikisha ujazo wake (kiasi cha mafuta zinachotoa) na ucheleweshaji wa kufunguka vimeingizwa sahihi kwenye kompyuta ya injini, kisha ziingize taratibu, za kwanza zikiwa bado na nafasi ya kuongeza mafuta.

Injini ikianza kugonga (mlio wa mafuta kulipuka vibaya ndani ya silinda), toa mguu papo hapo. Pistoni hazisubiri.