Kichina kwenye mji usio na shule ya wageni: majibu kwa barua zenu

Barua zilizonifikia safari hii zimetoka karibu zote kusini mwa China, tena kwenye miji ambayo ndugu zetu nyumbani hawajawahi kuisikia: Zhanjiang, Guzhen, Guilin. Walio Beijing na Shanghai hawana shida hii, maana huko shule za kufundisha wageni ni za kuchagua tu. Ninyi wa miji midogo ndio mnaohitaji maelekezo, na ninaamini mnaweza kujifunza vizuri kuliko wao, kwa sababu barabarani kwenu hakuna atakayegeukia Kiingereza ili kukurahisishia.

*Nimemfuata mume wangu Zhanjiang. Yeye yuko kazini kutwa, mimi niko nyumbani na mtoto. Nimetafuta kwenye simu shule ya Kichina ya wageni, sijapata hata moja. Nianzie wapi?*

Dada yangu, acha kutafuta shule ya wageni, tafuta chuo cha ualimu. Miji mingi ya kusini ya ukubwa huo ina chuo chenye neno shifan (师范) kwenye jina lake, yaani chuo kinachoandaa walimu. Hapo Zhanjiang kipo Lingnan Normal University. Walio Chaozhou wanacho Hanshan Normal University, na wa Quanzhou na Yulin pia wana vyao. Ndani ya vyuo hivyo kuna kitivo cha lugha na fasihi ya Kichina, na mara nyingi kuna vijana wanaosomea kabisa kufundisha Kichina kwa wageni. Vijana hao wanakaa miaka minne wakisoma namna ya kumfundisha mtu kama wewe, huku wengi wao hawajapata mgeni wa kumfundisha. Mwombe jirani au mfanyakazi mwenzake mumeo akuandikie tangazo fupi: siku, saa, mahali na malipo kwa saa. Lipeleke ofisi ya kitivo, waombe waliweke kwenye vikundi vya wanafunzi vya WeChat, programu ya ujumbe ya Wachina.

Wakianza kukuandikia, uliza cheti cha Putonghua, yaani Kichina sanifu: 普通话水平测试等级证书. China mtu hapati leseni ya ualimu bila mtihani huo. Una ngazi tatu, ya kwanza ndiyo ya juu kabisa, na kila ngazi ina mafungu mawili, jia (la juu) na yi (la chini). Mwalimu wa masomo ya kawaida anatakiwa kufika angalau ngazi ya pili yi. Mwalimu wa lugha ya Kichina, ngazi ya pili jia. Chagua mwenye ngazi ya pili jia au zaidi, na usione haya kuomba kukiona cheti. Nasisitiza kwa sababu uko kusini. Hapo Zhanjiang watu nyumbani husema lugha ya Leizhou au Kikantoni cha kwao, na matamshi ya nyumbani humfuata mtu mpaka darasani. Kijana anaweza kuwa mchangamfu na mwenye moyo wa kufundisha, lakini akakuzoesha kutamka sh kama s, na ng kama n. Kuja kuyang'oa hayo baada ya mwaka ni kazi ngumu.

Kipindi cha kwanza kiwe cha majaribio, na ulipie. Angalia nani ameongea zaidi. Kama saa nzima ameongea yeye, mshukuru, mwite anayefuata. Mweleze pia maisha yako yalivyo: kliniki ya mtoto, soko la samaki, fundi wa maji, mama mwenye nyumba. Masomo yaanzie hapo. Saa moja mara tatu kwa wiki itakufikisha mbali kuliko saa tatu za Jumamosi, hasa ukiwa na mtoto mdogo. Mkutane kwanza maktaba ya mji au kwenye mgahawa, halafu mkishazoeana aje nyumbani.

*Nanunua taa Guzhen, Zhongshan, nakaa miezi kadhaa kila mwaka. Wenye maduka wanaongea Kikantoni wao kwa wao. Je, nijifunze Kikantoni badala ya Kichina cha Beijing?*

Anza na Putonghua, kaka. Wenye maduka kweli ni Wakantoni, lakini wanaofunga mzigo wako, wanaoendesha lori na wengi wanaokaa kwenye mashine wametoka Hunan, Sichuan, Guangxi na Jiangxi. Wao na tajiri wao wanaelewana kwa Putonghua. Isitoshe, siku ukivuka kwenda Chaozhou kutafuta vyombo vya kauri, Kikantoni chako hakitakusaidia, kwa sababu huko wanaongea Kiteochew, ambacho Mkantoni mwenyewe hakielewi.

Kwa mnunuzi, hatari iko kwenye tarakimu. Nne ni sì na kumi ni shí, na watu wengi wa kusini hutamka zote mbili "si". Kinachobaki kuzitenganisha ni toni: nne inashuka, kumi inapanda. Fikiria sasa 14, 40 na 44. Mwambie mwalimu wako mtumie wiki mbili nzima kwenye namba, bei, tarehe na vipimo kabla ya jambo jingine lolote, na akusomee bei kwa lafudhi ya mtaani pia. Jifunze ishara za vidole: kumi huonyeshwa kwa kupishanisha vidole viwili vya shahada, moja ya mkono huu juu ya moja ya mkono ule. Na hata ukishakuwa hodari, bei ya mwisho iandikwe kwenye kikokotoo na kwenye WeChat kabla hujalipa arbuni.

*Kituo cha tuisheni kinataka nifundishe watoto Kiingereza jioni, nami nipewe masomo ya Kichina bure. Nina viza ya mwanafunzi. Nikubali?*

Usikubali. Sheria ya kuingia na kutoka nchini, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013, inampiga mgeni anayefanya kazi bila kibali faini ya yuani 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito anaweza pia kuwekwa ndani siku 5 hadi 15. Kwamba hukupokea fedha hakutakuokoa: mkaguzi akifungua mlango atamkuta mgeni amesimama mbele ya darasa. Mwenye kituo atafungua tena kesho. Wewe unaweza kurudishwa nyumbani, na mzazi aliyeuza shamba akusomeshe atakosa cha kusema. Kukaa na rafiki mmoja, nusu saa Kiingereza na nusu saa Kichina, ni jambo jingine kabisa, na hilo lifanye kila wiki.

*Niko mwaka wa tatu wa udaktari Guilin. Tunasoma kwa Kiingereza, lakini mwakani tunaingia wodini. Nimefaulu HSK 3, ngazi ya tatu ya mtihani wa Kichina wa wageni, ila wagonjwa siwaelewi na wao hawanielewi. Nadhani sisi Waswahili hatuna sikio la toni.*

Mwanangu, sikio unalo. Kiswahili hakina toni, ni kweli, lakini kama ulikua na Kikikuyu, Kihaya, Kiganda au Kirundi, ulishazoea tangu utotoni kwamba sauti ikipanda au kushuka maana inabadilika. Nionavyo, kinachotuangusha ni desturi mbili za Kiswahili. Ya kwanza, tunaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na kuishusha ya mwisho, basi kila neno la Kichina tunalimalizia chini. Ya pili, tunauliza kwa kupandisha sauti: "Umekula." na "Umekula?" vinatofautiana kwa sauti tu. Ukifanya hivyo kwa Kichina unaiharibu toni ya neno la mwisho. Wao wana ma ya kuulizia, basi iache ma ifanye kazi yake na wewe utunze toni. Jizoeze maneno mawili mawili, si neno moja peke yake, na kila jioni ongea na simu yako kwa Kichina ukitumia sehemu ya kuandika kwa sauti. Yakitokea maandishi uliyokusudia, umeeleweka. Yakitokea mengine, rudia mpaka yatoke.

Kuhusu mtihani: kwa mwongozo wa Wizara ya Elimu ya China wa 2018, anayesoma shahada ya kwanza kwa lugha ya kigeni anapaswa kufikia ngazi ya nne ya Kichina anapohitimu, kwa hiyo HSK 4 hutaikwepa. Lakini mtihani huo unapima kusikiliza, kusoma na kuandika. Kuzungumza kuna mtihani wake, HSKK, na hakuna mtihani wowote kati ya hiyo utakaokuandaa kwa bibi wa Guilin anayeumwa kiuno. Lugha ya Guilin ni ndugu wa karibu wa Putonghua, ila toni zake zimepangwa tofauti. Tafuta muuguzi mzaliwa wa hapo, umwombe akufundishe wazee wanavyotaja maumivu, homa, choo, usingizi na dawa. Kisha tunga maswali ambayo mgonjwa atayajibu kwa ndiyo, hapana, au kwa kuonyesha kidole. Anza sasa, usingoje mwakani.

*Nina viza ya biashara, M. Naweza kujiandikisha kwenye kozi ya Kichina ya chuo kikuu?*

Kozi ya muhula inataka viza ya X, yaani ya masomo: X2 kwa masomo yasiyozidi siku 180, X1 kwa zaidi ya hapo. Chuo kikikukubali kinakupa barua, na kwa X1 pia fomu ya kuombea viza iitwayo JW202, na kwa kawaida viza unaiombea ubalozini nyumbani. Ukiingia kwa X1, ndani ya siku 30 uwe umeomba kibali cha kuishi. Mihula huanza Septemba na mwishoni mwa Februari au Machi, kwa hiyo tuma maombi miezi kadhaa kabla.

Lakini darasa la namna hiyo ni la kila siku ya kazi, mahudhurio yanahesabiwa, na mtoro anaweza kupoteza kibali. Kama kila wiki unazunguka viwandani, baki na M yako na uchukue mwalimu wa jioni.

*Lazima nijifunze kuandika herufi kwa mkono?*

Kama hufanyi masomo ya chuo, hapana. Jifunze kuzisoma, na uandike kwa simu kwa kutumia pinyin, yaani Kichina kilichoandikwa kwa herufi zetu za a, b, ch. Jina lako la Kichina tu na anwani yako ndiyo ujue kuviandika kwa kalamu.

*Naondoka Nairobi kwenda Beihai baada ya miezi minne. Kuna la kufanya nikiwa bado hapa?*

Lipo. Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi, inayofundisha Kichina, ipo tangu 2005, na wa Dar es Salaam wanayo ya kwao pale Chuo Kikuu. Miezi minne inatosha kuimaliza pinyin na kuzishika toni nne mbele ya mwalimu anayekusikia na kukusahihisha. Ingiza pia kwenye simu kamusi ya Pleco na uifungue WeChat mapema, kwa sababu duka la programu la Google halifunguki China bila VPN, yaani programu ya kupita vizuizi vya mtandao, na wiki ya kwanza Beihai utakuwa unatafuta nyumba, si programu.