Dada wa Moshi, usilipie hizo tiketi mbili

Usilipe. Hata huyo wakala akikupigia kesho alfajiri kwamba bei inapanda saa nne, usilipe.

Nimesoma maelezo yako mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Unatoka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na shirika moja hadi mji fulani wa Ulaya, unakaa tranziti masaa matatu, halafu unadandia shirika jingine hadi Calgary. Tiketi mbili, kila moja na malipo yake, umeokoa laki saba. Mabegi mawili ya kilo 23. Viza ya Canada unayo, ya Schengen, ile ya kuingia Ulaya, huna. Wakala amekwambia "usijali, hao ni washirika, mabegi yanapitiliza." Unauliza kama ni kweli, na unauliza launji, ile sebule ya kupumzikia uwanjani, maana shemeji ana kadi ya Gold ya wasafiri wa mara kwa mara, na kigari cha mtoto, na kahawa, na sijui nini tena.

Hilo neno "washirika" ndilo lililonimaliza mimi.

Juni 2023, mdogo wangu anahitimu chuo Toronto. Familia nzima imenituma niwakilishe. Nikaenda kwa wakala mmoja hapa Arusha mjini, ofisi ya ghorofani, feni inazunguka, ukutani picha ya ndege kubwa. Kijana wa tai. Akanikokotolea: tiketi moja bei hii, tiketi mbili bei ile, tofauti shilingi 640,000. Nikamuuliza swali lako hilo hilo, neno kwa neno. Akacheka kwa huruma, kama mtu aliyeulizwa na mshamba: "Mzee, hao ni washirika. Begi utalikuta Toronto." Nikalipa. Nikatoka pale najiona mjanja, nikajinunulia na mishkaki.

Sasa sikiliza kilichotokea KIA, maana hapa ndipo nilipopewa nafasi ya kuokoka nikaipiga teke. Dada wa kaunta aliangalia skrini, akaniangalia, akauliza, "Kaka, safari yako inaishia hapo Ulaya?" Nikamwambia hapana, naunganisha kwenda Toronto. Akabonyeza tena. "Kwenye tiketi hii sioni safari nyingine." Nami kwa sauti ya mtu anayejua mambo nikamjibu, "Ni washirika hao." Akanyamaza. Akachapa ile tagi ndefu, akaizungusha kwenye mshikio wa begi, akabandika kipande chake nyuma ya pasipoti yangu. Kwenye kile kipande kulikuwa na herufi tatu nene, nyeusi, kubwa kuliko maandishi mengine yote. Ni herufi za kiwanja cha ndege begi linakoishia. Toronto ni YYZ. Yangu haikuwa YYZ. Nilikuwa nayo mfukoni masaa yote yale nikiwa angani nakula kuku, sikuisoma. Begi likapita kwenye lile pazia la mipira, nikalipungia mkono kabisa. Kweli, nililipungia mkono.

Nimetua Ulaya, nina karibu masaa matatu. Nikaenda kwenye dawati la shirika la pili kuchukua boding pasi. Jamaa akaomba kipande cha tagi, akakisoma kwa sekunde mbili.

"Begi lako liko chini, kwenye mkanda wa abiria wanaoshuka hapa."

"Nalifuataje?"

"Unapita uhamiaji."

"Sina viza ya hapa."

"Basi hulifuati."

Hakunitukana, hakupandisha sauti. Alinieleza tu ukweli kama mtu anayekuambia leo ni Jumanne.

Kuanzia hapo nikafanya kosa kubwa kuliko lile la kwanza: nikaanza kubishana. Nikarudi dawati la shirika la kwanza, wakaniambia kazi yao imekwisha, tiketi yangu kwao inaishia hapo na begi wamelifikisha. Nikarudi la pili, wakaniambia begi hawajawahi kulipokea, hawalijui. Kila mmoja ana haki! Hilo ndilo lililoniuma. Nimetembea kati ya madawati hayo mawili kama konda anayetafuta chenji. Nilipokata tamaa nikasema basi naenda bila begi, kaunta ilikuwa imeshafungwa. Ndege naiona dirishani, mlango umefungwa, mimi na kibegi cha mkononi chenye chaja na karanga.

Kwa shirika la pili mimi ni abiria ambaye hakutokea. Na ukishaandikwa hivyo, tiketi yote iliyobaki inafutwa, pamoja na ya kurudi. Kuchelewa kwangu haikuwa shida yao, kwa sababu kwao sikuwa natoka KIA. Kwao mimi nilianzia safari pale pale, kama mtu aliyeamka nyumbani akachelewa teksi. Tiketi mpya dola 1,140, kwa kadi ya binamu yangu ambaye mpaka leo ananikumbusha kila Krismasi. Masaa 19 kwenye benchi lenye vyuma vya kuzuia usilale.

Na begi? Lilizunguka kwenye mkanda, likawekwa stoo, na siku ya tano, mimi nikiwa Toronto, simu ikaita. Namba ya Tanzania. "Mzee, mzigo wako uko hapa KIA, uje na kitambulisho." Limerudi nyumbani! Limefika kabla yangu! Ndani yake suti niliyoitafuta soko la mitumba la Memorial wiki nzima, kitambaa cha vitenge alichotuma mama, na kilo tatu za kahawa ya Machame. Sherehe nimeingia na suti ya kuazima ya jirani yake mdogo wangu, Mghana mrefu kama nguzo ya umeme. Picha zote nimekunja mikono kifuani. Watu wanadhani ni pozi la msomi, kumbe nazuia mikono ya koti isifunike vidole.

Nikasema nitawadai. Pale benchini nilikuwa nimeusoma mkataba wa Montreal wa 1999, ule wa kimataifa wa fidia za abiria wa ndege, kwenye simu, kifungu kwa kifungu, mpaka chaji ikaniishia. Mkataba ni mzuri. Begi likiharibika unaandika malalamiko ndani ya siku 7, likicheleweshwa siku 21 tangu ulipokabidhiwa, na siku 21 zikipita halijaonekana unalidai kama lililopotea. Fidia ina kikomo, kwa sasa ni SDR 1,519, hiyo ni hesabu ya shirika la fedha la IMF, zaidi ya dola elfu mbili hivi. Sasa nidai nini? Begi langu halikupotea. Halikuchelewa. Lilifika palipoandikwa kwenye tiketi, siku iliyoandikwa, likiwa zima na kufuli lake. Mwenye kupotea nilikuwa mimi.

Huyo kijana wa tai nilimfuata niliporudi. Akaniambia, "Mzee, wewe si ndiye uliyechagua ya bei ndogo?" Nikaondoka kabla sijaharibu jina la ukoo.

Kwa hiyo nikueleze "washirika" ni kitu gani, maana wakala analitumia kama mganga anavyotumia neno "mizimu". Kuna mambo matatu na watu wanayakoroga kwenye sufuria moja. Kuna miungano mikubwa: Star Alliance wamo Ethiopian na Turkish, SkyTeam wamo KLM na Kenya Airways, oneworld yumo Qatar. Kuna mashirika kuuziana viti kwenye ndege zao, yaani ndege moja ina namba za mashirika mawili. Precision imefanya hivyo na Kenya Airways miaka mingi, lakini Precision haimo SkyTeam. Na kuna makubaliano ya kupokezana abiria na mizigo, ambayo yanaweza kuwepo hata kati ya mashirika yasiyo muungano mmoja. Hili la tatu ndilo linalopitisha begi, na kwa kawaida linafanya kazi pale safari zote ziko kwenye tiketi moja. Ukija na tiketi mbili, kuwa muungano mmoja hakumlazimishi mtu kukupitishia begi. Wengine hukubali ukiwaomba kaunta, wengine wamekataza kabisa hata kwa ndege zao wenyewe. Unataka kwenda KIA na mtoto mgongoni ukabahatishe hilo?

TIKETI MOJA. Si malipo mamoja, si wakala mmoja, si karatasi moja iliyochapwa pamoja. Namba moja ya tiketi. Ina tarakimu 13, tatu za mwanzo ni za shirika lililoitoa: 074 ni KLM, 071 Ethiopian, 157 Qatar. Mwambie wakala akutumie tiketi yenyewe, si picha ya bei. KIA hadi Ulaya na Ulaya hadi Calgary zikiwa chini ya namba ile ile, uko salama. Ukiona namba mbili tofauti, moja huku moja kule, funga mkoba uondoke. Akikuonyesha zile herufi na namba sita za buking akasema "si unaona ni moja?", mrudishe kwenye tarakimu 13. Wakala mwerevu anaweza kupanga vitu viwili kwenye ukurasa mmoja vikapendeza macho.

Na hizo laki saba ulizookoa, fikiria umezilipa ili ndege ya kwanza ikichelewa mtu mwingine ahangaike kukutafutia nyingine badala yako. Kwenye tiketi moja hiyo ni kazi yao. Jirani yangu wa Njiro alichelewa kuunganisha, tiketi moja, wakampa hoteli na ndege ya kesho yake, begi likaletwa mlangoni baada ya siku mbili. Alikuwa analalamika eti hoteli haikuwa na chai ya maziwa! Nilimwangalia tu.

Siku ya safari, hata ukiwa na tiketi moja, pale kaunta usiondoke kabla hujasoma tagi. Zile herufi kubwa lazima ziwe YYC, ndiyo Calgary. Zikiwa nyingine, begi bado liko mbele yako, sema "dada samahani" palepale. Likishapita kwenye pazia la mipira, kulipata tena ni shughuli.

Launji, haraka haraka. Kadi ya shemeji ni ya shemeji. Anayeingia ni mwenye kadi, na mara nyingi mgeni mmoja anayesafiri naye. Shemeji akibaki Moshi, dhahabu yake inabaki Moshi. Na neno Gold peke yake halitoshi: angalia pembeni ya kadi kama kuna nembo ya muungano, Star Alliance Gold au SkyTeam Elite Plus, kwa oneworld ni Sapphire kwenda juu. Halafu ndege unayoipanda baada ya hapo lazima iwe ya muungano huo huo, na boding pasi yake uwe nayo mkononi. Mimi katika yale masaa 19 nilijaribu na kadi yangu ya Silver. Yule dada wa mapokezi aliitazama kama kadi ya mchango wa harusi iliyokwisha mwaka jana.

Kama umeshalipa, na nakuomba uwe hujalipa, basi safari hiyo nenda na begi la mkononi tu, usikabidhi kitu chochote KIA, na hilo dawati la shirika la pili liwe kitu cha kwanza unachokifuata ukitua. Mabegi mawili ya kilo 23 sahau.

Kigari cha mtoto sijui, wanangu wameshaota ndevu. Mambo mengine uliyouliza nimeyasahau, nina hasira. Tiketi ikitoka, zibe jina lako na tarakimu za mwisho, bandika hapa kabla ya kulipa tuone kama namba ni moja. Mimi niko macho mpaka saa sita.