Vidonge vya Kichina vya faibroidi ukiwa kwenye warfarini

Swali: Daktari, nina miaka 39, naishi Mbale, Vihiga. Skani ilionyesha faibroidi (uvimbe wa kizazi) mbili, kubwa ina sentimita 5, na hedhi yangu ni nzito mno. Tangu mwaka jana nameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu ya damu iliyoganda mguuni. Jirani ameniletea kutoka Kisumu vidonge vya Guizhi Fuling, anasema vitayeyusha uvimbe. Nianze?

Jibu: Usianze, dada. Kinachonitia wasiwasi hata kuliko faibroidi ni hiyo warfarini.

Guizhi Fuling si dawa ya juzi. Tabibu Zhang Zhongjing aliiandika yapata miaka 1800 iliyopita: vijiti vya mdalasini wa Kichina, uyoga unaoota kwenye mizizi ya misonobari, gome la mzizi wa peoni, mzizi wa peoni wenyewe, na kokwa za pichi. Waganga wa huko huiweka kwenye kundi la dawa za kutembeza damu. Baadhi ya mitishamba ya kundi hilo, hasa danshen na danggui, imewahi kupandisha INR (kipimo cha damu inavyochelewa kuganda) ya watu wanaotumia warfarini hadi wakavuja damu. Na danggui hupenda kuchanganywa kwenye dawa za kina mama.

Je, inapunguza uvimbe? Utafiti mwingi umefanyika China, sehemu kubwa mdogo na dhaifu. Mapitio ya Cochrane ya 2013 yalisema ushahidi hautoshi.

Wiki hii pima INR na hemoglobini. Hemoglobini ikiwa chini ya 12, una upungufu wa damu. Warfarini usiiache kwa uamuzi wako. Maumivu ya hedhi usiyatibu kwa Brufen. Ukiandikiwa traneksamiki (dawa ya kupunguza damu ya hedhi) au vidonge vya majira, taja lile donge la mguuni kabla hujameza, maana huenda zisikufae kabisa. Uliza kuhusu koili yenye homoni: hupunguza damu sana, mradi faibroidi haijaharibu umbo la ndani ya kizazi. Ndiyo maana ripoti ya skani iende nawe kliniki ya wanawake, iwe Vihiga au hospitali ya Jaramogi, Kisumu. Pedi ikijaa kila saa, au ukihisi kizunguzungu, usingoje kliniki. Nenda hospitali hata usiku.

Pakiti ya jirani ibebe pia, na kama umeshameza hata kimoja, sema ni lini.