Mbwa akiwa njano msikimbilie kusema kupe

Juzi saa nne usiku dada mmoja kanitumia meseji, mbwa wake hali siku ya tatu na macho yamekuwa njano, mtaani wamemwambia ni ugonjwa wa kupe tu huo. Dah, nilikosa usingizi.

Maana mwaka jana mbwa wangu Jeki hapa Gungu, Kigoma, alianza hivyohivyo, na niseme ukweli, kosa langu. Samaki migebuka nyumbani tunakaanga kwa mawese, na yale yanayobaki kwenye karai mimi namwagia kwenye ugali wake, mbwa ananenepa, manyoya yanang'aa, najisifu mtaa mzima. Siku moja akaanza kutapika, tumbo ukiligusa analia. Aliyekuja kumtibu akaona ufizi wa njano, akachoma sindano ya kupe, akachukua hela yake akasepa. Siku mbili zikapita, hamna kitu. Mkojo kama chai ya rangi, halafu kinyesi kikatoka cheupe kama majivu yaliyoloa. Nikakipiga picha (mama watoto alinicheka huyo!) nikamtumia daktari mwingine.

Yeye hakucheka. Akasema kinyesi kinapata ile kahawia kwa sababu ya nyongo. Ugonjwa wa kupe unavunja damu, mbwa anakuwa njano kweli, lakini choo hakiwi cheupe. Kikiwa cheupe maana yake nyongo haifiki kwenye utumbo, mrija umeziba. Kwa Jeki alihisi kongosho, kile kiungo kilicho karibu na tumbo kinachosaidia kusaga chakula, limevimba kwa yale mafuta yangu likaubana mrija, na isipofunguka inabidi apasuliwe. Dripu, dawa ya kuzuia kutapika, ya maumivu, kisha wali na kuku wa kuchemsha bila ngozi. Siku ya tano kinyesi kikarudi rangi. Sijawahi kufurahia mavi namna ile.

Kwa hiyo jamani angalieni kinyesi, angalieni ufizi, angalieni tena kinyesi. Wenye paka ndio msichelewe kabisa, paka akikaa siku kadhaa bila kula ini linajaa mafuta, na wanaokula mijusi kuna minyoo bapa wanaingia mpaka kwenye mirija ya nyongo. Parasetamoli usithubutu kumpa paka, inaua. Sisi mbwa wa kulinda tunamtaka, ila kumlipia daktari mpaka awe hasimami, na mimi nilikuwa humohumo.

Leo asubuhi yule dada kanijibu kwa picha. Cheupe. Nimempigia nikamwambia asingoje jioni.