Uraia wa nchi mbili: Mkenya wa Ujerumani, fikiria haya kabla hujajaza fomu

Tangu Ujerumani ibadilishe sheria ya uraia tarehe 27 Juni 2024 naulizwa swali moja kila wiki, kanisani, kazini, kwa simu usiku: nichukue paspoti ya Kijerumani ama nibaki na kibali changu cha kuishi? Mimi ni mtu wa Kilifi, nimeishi huku miaka mingi nikiuguza wazee pale mjini Köln, na uraia wa pili nimeuchukua. Nitasema vile naona mimi, wewe pima na hali yako.

Kwanza tuelewane kilichobadilika manake wengi bado wana habari za kale. Zamani Mkenya akitaka uraia wa hapa ilibidi aukane ule wa Kenya, ndio maana wengi wetu tulikataa tukabaki na kibali cha kudumu mwaka baada ya mwaka. Si kwamba hatukuipenda nchi inayotulisha, lakini ukiukana wa Kenya unaguswa mpaka kwa shamba. Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 65 inasema asiye raia hamiliki ardhi ila kwa lizi, yaani kukodi kwa muda, isiyozidi miaka 99, na shamba la kilimo ndio balaa zaidi. Sasa mtu kama mimi ambaye baba alituachia minazi na mikorosho, niamke siku moja niwe mgeni kwenye shamba ambalo makaburi ya babu zangu yako hapo hapo? Hapana. Leo Ujerumani haidai ukane chochote, na miaka ya kuishi imeshuka kutoka 8 hadi 5. Kenya nayo mlango ilishaufungua tangu 2010, kifungu cha 16 kinasema Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine.

Watu wakiongea faida utasikia viza tu, London bila viza, Canada sijui nini. Ni kweli, lakini kilichoniamulia mimi si safari za huko, ni mama. Kibali cha kudumu, hiki cha Niederlassungserlaubnis, kwa kawaida ukikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi 6 kinakufa (walioishi huku miaka 15 na kipato chao kipo wana nafuu fulani, uliza). Mama alipopata kiharusi nikaomba likizo bila mshahara nikaenda. Mchana namgeuza kitandani, namsugua mgongo na mafuta ya nazi asitoke vidonda, namlisha uji kijiko kwa kijiko, na usiku akishalala nasimama mbele ya kalenda ya ukutani nahesabu wiki zilizobaki. Ndugu zangu wananiambia dada kaa kidogo tu, anaongea vizuri ukiwepo, na mimi najua nikichelewa kidogo naanza moja kama mtu aliyeshuka ndege jana. Hiyo hesabu mtu hafai kuifanya kando ya kitanda cha mzazi wake. Kwa hivyo nikiulizwa siku hizi swali langu la kwanza si unapenda nchi gani, nauliza wazazi wako wako wapi na wana umri gani, na wewe mwenyewe uzee wako unauona wapi. Kama jibu ni kwenda na kurudi, kukaa mwaka huku mwaka kule, kibali hakikutoshi.

Upande wa Ujerumani kazi yenyewe inafanyika. Ada ni euro 255 kwa mtu mzima na 51 kwa mtoto mdogo anayeomba pamoja na mzazi. Mtihani wa uraia usikutishe, maswali 33 unatakiwa upate 17, na maswali yote yako onlaini unasoma jioni kwenye treni ukitoka kazini. Kinachoangusha watu ni Kijerumani cha B1, yaani kiwango cha kati, na kuonyesha kwamba unajitegemea, mishahara, kodi ya nyumba, bima, kila karatasi. Na usidanganye hata kitu kidogo manake uraia uliopatikana kwa uongo wanaweza kuufuta hadi miaka 10 baadaye. Foleni inategemea mji, kuna miji utangoja mpaka uchoke.

Sasa hapa nawaomba msome polepole. Sheria ya uraia ya Kenya ya 2011 inakutaka ukishapata uraia mwingine uitaarifu serikali ndani ya miezi 3. Si ombi hilo, usipofanya ni kosa, faini hadi shilingi milioni 5 ama jela hadi miaka 3 ama vyote viwili. Watu wanapokea cheti cha Kijerumani, wanapiga picha na maua, wanaposti, halafu wanasahau. Siku unayokabidhiwa kile cheti ndio siku umekuwa raia, kwa hivyo anza kuhesabu hapo, na nakala ya ile taarifa uiweke na paspoti yako.

Kuna wenye sababu ya kutochukua. Kama una ndoto ya kugombea ubunge ama ugavana, kifungu cha 78 cha Katiba ya Kenya kinakataza afisa wa serikali kuwa na uraia wa nchi mbili, na jeshini ni vile vile. Kama una kijana wa kiume aliyezaliwa 2008 ama baadaye, akiwa Mjerumani atatumiwa fomu ya jeshi na kuijaza ni lazima, mzungumze naye kabla. Pia ukiwa na matatizo Kenya usitegemee sana ubalozi wa Ujerumani, pale wewe ni Mkenya. Na ndugu zetu Watanzania haya hayawahusu kwa sasa, sheria ya kwao hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha, ukichukua wa Ujerumani unapoteza wa Tanzania, kwa hivyo msifuate ushauri wa Mkenya kwa jambo hili.

Wale waliokana uraia wa Kenya miaka ile, msikate tamaa, mliozaliwa Wakenya sheria inawaruhusu kuomba kuurudisha, na Ujerumani sasa haikunyang'anyi wake kwa sababu hiyo. Watoto nao, mzazi mmoja akiwa Mkenya siku mtoto anazaliwa, huyo ni Mkenya hata kama amezaliwa Köln, mtafutie karatasi zake akiwa bado mdogo.

La mwisho ni majina. Kina dada wengi tuna jina la mume kwenye paspoti ya Kijerumani na la baba kwenye ya Kenya, ukikata tiketi kwa jina moja na kufika kaunta na paspoti ya jina lingine utasimamishwa pembeni wenzako wakiingia ndege. Linganisha majina mapema, na mpaka yalingane tembea na paspoti zote mbili pamoja na cheti cha ndoa kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku.