Simu Yangu kwenye Waifai ya Shule: Mwajiri Anaona Nini?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa darasa. Tumetangaziwa kwamba anayetaka kuendelea kutumia waifai ya shule kwenye simu au laptopu yake binafsi aipeleke kwa fundi, iwekewe “cheti” pamoja na programu ya usimamizi. Wenzangu wengi wameshapeleka, mimi nimesita. Ndani ya simu yangu kuna picha za wanangu na mazungumzo yangu na daktari, na humo humo najaza alama za wanafunzi na kupokea ujumbe wa wazazi. Je, mwalimu mkuu ataweza kusoma WhatsApp yangu? Na nikikataa, si nitaonekana nina jambo ninalificha?

JIBU: Mwalimu, hukukosea kusita. Nimekuwa fundi wa mtandao shuleni kwa miaka kadhaa kabla ya kuanza kujibu barua hizi, kwa hiyo nitakueleza nilichokuwa nakiona mwenyewe kwenye kioo cha kompyuta yangu.

Hata kabla ya cheti chochote, simu ikishaunganishwa na waifai ya shule mtandao unalijua jina lake, saa ilipoingia na saa ilipotoka, kiasi cha data ilichovuta na, mara nyingi, majina ya tovuti ilizozifikia. Yaliyoandikwa ndani ya kurasa hauyaoni, maana tovuti nyingi siku hizi husimba mawasiliano yake, yaani huyageuza yasisomeke njiani. WhatsApp nayo tangu 2016 hufunga ujumbe kwenye simu ya mtumaji na kuufungua kwenye simu ya mpokeaji tu. Kwa hiyo mwalimu mkuu hatasoma jumbe zako kupitia ruta. Atakachoweza kujua ni kwamba ulikuwa unatumia WhatsApp, na saa ngapi.

Lakini usiyadharau majina ya tovuti. Asubuhi moja nilikuwa natafuta sababu ya mtandao kuwa mzito, nikafungua orodha. Mistari ikawa inashuka: simu ya mwalimu fulani, saa 4:12, tovuti ya nafasi za kazi, saa 4:15, tovuti ya shule nyingine, saa 4:20, ya nafasi za kazi tena. Sikufungua ukurasa hata mmoja, lakini nilishajua anataka kuondoka, kabla hajamwambia yeyote. Niliifunga ile orodha. Fundi mwingine angeweza kuipeleka ofisini.

Sasa tuje kwenye cheti, yaani faili dogo la utambulisho linalowekwa ndani ya simu. Vyeti viko vya aina mbili, na ni lazima ujue chako ni kipi. Kipo cha kuitambulisha simu yako kwa mtandao, ili kila mtu aingie kwa jina lake badala ya wote kutumia nenosiri moja lililobandikwa ukutani katika chumba cha walimu. Hicho ni kizuri, kipokee. Cha pili huifanya simu yako iiamini shule kana kwamba ndiyo yenye tovuti unayoitembelea. Kikishawekwa, mtambo wa shule unaweza kukaa katikati, ukapokea mawasiliano yako, ukayafungua, ukayasoma, ukayafunga tena kwa muhuri wake na kuyapitisha. Na kivinjari chako hakitalalamika. Hakigusi WhatsApp, na tangu Android 7 programu nyingi za simu hazikubali vyeti vya namna hiyo bila mwenye programu kuruhusu. Ila barua pepe unayoisoma kwenye kivinjari, au ukurasa wa hospitali unakopata majibu ya vipimo, huweza kufunguliwa. Muulize fundi wako hivi: “Cheti hiki ni cha kuitambulisha simu yangu, au cha kufungua mawasiliano yangu?” Akisema ni cha pili, usikubali kiwekwe kwenye kifaa ulichonunua kwa fedha zako.

Programu ya usimamizi inategemea ilivyopangwa. Kwenye Android unaweza kupatiwa wasifu wa kazini, ambao unaziweka programu za kazi upande wake zikiwa na alama ndogo ya mkoba. Shule huona na kufuta vya upande huo tu, picha za wanao haizifikii. Usimamizi wa simu nzima ni habari nyingine kabisa: simu ikipotea, au ukigombana na ofisi, mtu anaweza kubonyeza kitufe akiwa mbali ikafutika yote.

Nisiwe upande wako tu, kwa sababu shule ina hofu ya haki. Mei 2017 kirusi cha WannaCry, kinachofunga mafaili ya kompyuta na kudai fidia, kilisambaa katika nchi zaidi ya 150, kikiruka chenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta kupitia udhaifu wa Windows ambao Microsoft ilikuwa imetoa kiraka chake, yaani sasisho la kuuziba, tangu Machi mwaka huo. Hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha miadi na kuwaelekeza wagonjwa kwingine. Laptopu iliyoshinda nyumbani na watoto wanaopakua michezo, haijasasishwa kwa miezi, kisha Jumatatu ikaunganishwa mtandao mmoja na seva ya ada, kompyuta inayohifadhi hesabu za ada: hapo ndipo fundi anapokosa usingizi. Dawa yake, hata hivyo, haihitaji kuingia ndani ya simu ya mtu. Ruta nyingi zinazotumika maofisini zinaweza kutoa mitandao miwili au mitatu. Vifaa binafsi viwekwe kwenye mtandao wao, unaotoka nje kwenda intaneti na usioweza kuifikia seva wala printa. Pendekeza hilo kwa maandishi, wewe na wenzako mkiwa pamoja, na muombe kanuni iliyoandikwa: kinachorekodiwa, anayekiona, kinachohifadhiwa na kwa muda gani. Mtu anayeomba kanuni hafichi kitu.

Ila mwalimu, lililonigusa zaidi katika barua yako ni zile alama za wanafunzi. Mwalimu mmoja niliyefanya naye kazi aliipiga picha orodha ya wanafunzi wanaomeza dawa shuleni, ili asisahau saa zao. Nia njema kabisa. Simu yake ilikuwa inapeleka kila picha kwenye akaunti ya familia, na jioni ile mwanawe akaiona kwenye tableti sebuleni. Mwanawe alisoma darasa moja na mmoja wa waliokuwa kwenye orodha. Kesho yake, kabla ya kengele ya pili, ugonjwa wa yule mtoto ulikuwa unatajwa kwenye madawati ya nyuma. Hakuna fundi aliyeweza kulirudisha hilo. Kwa hiyo iombe shule ikupe kifaa cha kazi, au angalau akaunti ya kazi, na alama zikae huko. Mpaka utakapopewa, zima uhifadhi wa picha wa moja kwa moja leo hii.

SWALI: Mimi ni karani wa shule. Ofisini tovuti nyingi zimefungwa. Mwenzangu amenifundisha kuwasha VPN, ile programu inayopitisha mawasiliano kwenye kompyuta ya mtu mwingine, au kuiunganisha kompyuta ya ofisi na hotspoti ya simu yangu. Kuna ubaya?

JIBU: Upo, hasa huo wa pili. Kompyuta yako ikiwa bado ina waya wa mtandao wa shule, na papo hapo imeshika hotspoti, umetoboa tundu kwenye uzio bila mlinzi kujua. VPN nayo huificha shule majina ya tovuti na kumkabidhi mwenye VPN. Kama ni ya bure na humjui, umebadilisha tu anayekuchungulia. Mambo yako yafanye kwenye simu yako, kwa bando lako, na kompyuta ya ofisi uiache na kazi ya ofisi. Tovuti unayoihitaji kikazi ikiwa imefungwa, omba ifunguliwe. Kwa fundi ni kazi ya dakika chache.

SWALI: Naacha kazi ya ualimu mwisho wa mwezi. Simu yangu ina programu ya shule. Nifanye nini?

JIBU: Hamisha kwanza picha na namba zako mahali pengine, usingoje siku ya mwisho. Kabidhi mafaili ya wanafunzi, kisha uyafute, halafu uombe fundi aiondoe programu na cheti ukiwa umesimama hapo. Ukifika nyumbani fungua pipa la taka: kwenye Google Photos, picha iliyokwisha kuhifadhiwa mtandaoni hukaa humo siku 60 baada ya wewe kudhani umeifuta.