Barua kwa mwanangu: karani aliandika "hana kazi"

Mwanangu Mwanahamisi,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Mara ya tatu nilimsomea mama yako kwa sauti huku anachambua mchele. Sisi hatujambo, goti lake limetulia, na kile kikohozi changu kimeacha. Nakujibu kwa karatasi kwa sababu kwenye simu nikishasema nimesema, ila kwenye karatasi naweza kufuta.

Umeniambia kwamba huko ofisini kwenu Dodoma mnaandika ripoti juu ya watu wenye umri wa kufanya kazi, wa miaka 15 mpaka 64, na kwamba wakubwa zako wanaamini kundi hilo likiwazidi kwa mbali watoto na wazee, uchumi utapaa kama ulivyopaa wa Korea Kusini. Ukaniuliza mimi niliyekulia Tanga ya viwanda: wingi huu wa vijana ni neema au ni mzigo?

Neno mnaloiita faida hiyo nimelipenda, gawio la idadi ya watu. Nalijua gawio, maana chama chetu cha kuweka na kukopa hutugawia kila mwaka kikipata faida. Gawio hupewa aliyeweka hisa. Siku ya mkutano mkuu hawakuiti mbele kwa kuwa una miaka 30 na kifua kipana. Wanafunua daftari, wanatazama uliweka nini.

Sasa, habari ya sanduku langu la spana lililopotea mnaijua, mmeisikia tangu mkiwa wadogo na nduguyo Kombo alikuwa akiimaliza kabla yangu. Lakini nadhani sikuwahi kuwasimulia sehemu ya karani.

Ilikuwa 1983, nina miaka 22. Sheria ya Nguvu Kazi ilikuwa imepita mwaka ule, na mijini kulikuwa na msako wa wazururaji. Asiye na karatasi ya kuonyesha ana kazi alichukuliwa akapelekwa shamba. Mimi kijiwe changu kilikuwa palepale mnapopajua, Barabara ya 12, chini ya mti wa mkungu. Asubuhi ile nilikuwa na baiskeli ya mzee mmoja muuza samaki. Nimeuzamisha mpira kwenye karai la maji, naukamua kidogo kidogo. Pancha ndogo huioni kwa macho, yenyewe ndiyo inayokuita kwa kapovu. Nilikuwa nimeshaipata, nimeibana kwa kidole nisiipoteze, nanyoosha mkono wa pili nichukue msasa, nikaguswa bega.

Tulipelekwa kwenye ua, tukapangwa foleni mbele ya meza. Karani alikuwa rika langu, shati jeupe limenyooka kwa pasi. "Kazi yako?" Nikamwambia fundi baiskeli. "Mwajiri wako?" Nikasema sina, najitegemea. Hakuniangalia, aliinama akaandika. Kusoma najua, hata herufi zikiwa kichwa chini miguu juu, nikaziona zinavyotoka kwenye kalamu moja moja: Hana kazi. Mikono yangu ilikuwa juu ya meza yake, imejaa grisi mpaka kwenye vifundo. Akanikemea niiondoe nisimchafulie daftari.

Miezi mitatu nilikata mkonge. Jani la mkonge lina mwiba kwenye ncha, na kwanza unakata ule mwiba usije ukakutoboa jicho. Maji yake yanawasha usiku kucha. Unafunga majani thelathini thelathini, unabeba begani mpaka kandokando ya reli, na jioni nyapara anakuhesabia. Kazi ile sikuichukia kwa ugumu wake. Kilichoniuma, na kinaniuma mpaka leo ninapoandika, ni kwamba walinitoa kwenye kazi niliyoijua wakanipeleka kwenye kazi ambayo hata siku ya mwisho sikuwa na la kujifunza zaidi ya siku ya kwanza, na hayo yakaitwa kunipa kazi. Niliporudi sanduku halikuwepo. Spana zote, pampu, koleo, ufunguo wa spoki alionipa marehemu mjomba. Hapo mnapajua wenyewe.

Nakusimulia haya kwa sababu ya kipimo chenu ulichonieleza siku ile ya arusi ya binti wa jirani. Ulisema kwa hesabu ya kimataifa, mtu akifanya kazi ya malipo hata saa moja ndani ya wiki, huyo anaandikwa ana kazi. Basi karani wangu aliniandika sina, na leo nyinyi mnamwandika kijana wa bodaboda kwamba anayo. Mmepiga hatua, sikatai. Ila yeye na nyinyi hamkuuliza swali moja: jioni aliondoka na shilingi ngapi?

Umesema Tanga yetu ilikuwa na kazi. Ilikuwa nayo. Saa nane mchana zamu ikitoka viwandani, baiskeli zilikuja barabarani kama siafu. Watu wa mbolea, watu wa chuma, watu wa sabuni, na baadaye watu wa saruji kule Pongwe. Mimi sikuajiriwa hata siku moja, lakini nilikula mshahara wao. Mtu akilipwa Ijumaa, Jumamosi ananiletea ringi iliyopinda. Mama yako naye akiwauzia maandazi asubuhi kabla ya zamu. Kiwanda cha mbolea kilipokufa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na vingine vikafuata au vikabaki vinahema, baiskeli hazikupungua. Watu walizidi kuzipanda kwa kuwa nauli hawakuwa nayo. Ila walianza kuja kuniomba niwapige kiraka juu ya kiraka, nao watalipa wakipata. Mpira mmoja niliuhesabu viraka kumi na moja. Hapo ndipo nilipojua kwamba sisi wa chini ya mkungu tulikuwa tunakunywa kisima ambacho hatukukichimba.

Ukitaka kuielewa Tanga ya leo, kasimame pale stendi ya bodaboda karibu na soko. Vijana thelathini, wote wana nguvu, wote wamesoma kuliko mimi. Akiongezeka wa thelathini na moja, abiria haongezeki. Wanagawana yule yule. Mkoa mzima tulikuwa watu milioni 2 na ushee sensa ya 2012, sensa ya 2022 tukawa zaidi ya milioni 2.6. Wameongezeka wa kubeba. Je, ameongezeka wa kubebwa mwenye nauli?

Hapa mama yako amenikatiza. Anauliza, mbona enzi za mkonge hakuna aliyekaa bure, na hatukuona utajiri? Amesema kweli, na nimeweka kalamu chini nikafikiri.

Babu yako mzaa mama alikuja huku kwa namba, yaani kibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge, mnajua, kutoka Kigoma. Mkonge wote ule ulitokana na miche 62 iliyofika hai mwaka 1893, ilipoletwa na Mjerumani Hindorf kutoka Florida. Miaka ya sitini nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka, ya kwanza duniani. Mikono ilikuwepo na kazi ilikuwepo, kwa hiyo kwa hesabu yenu ule ulikuwa wakati wa neema. Babu yako alikata miaka ishirini na sita. Alichotuachia ni kipande chake cha kazi, ile kadi, kimejaa alama za siku alizomaliza, na bega moja lililokuwa chini kuliko jingine. Kamba za nailoni zilipoingia sokoni na bei ya mkonge ikaanguka, hakuwa na ufundi wa kuhamia kazi nyingine, na alikuwa na miaka arobaini na kitu tu. Katikati kabisa ya umri wenu wa kufanya kazi.

Kwa hiyo nilichokuwa naandika nakirekebisha mwenyewe. Kazi peke yake haitoshi. Iwe kazi inayomfundisha mtu kitu cha kuondoka nacho, na inayomlipa kiasi cha kumsomesha mwanawe. Gawio hupewa aliyeweka hisa, na kule shambani kila siku watu walitoa nguvu zao, hakuna aliyewawekea hisa.

Sasa nije kwa hao Wakorea wenu. Umeandika kwamba mwaka 1960 mwanamke wa kule alizaa kama watoto sita, na ilipofika 1983 ilikuwa kama wawili. Huo mwaka nimeukazia macho. 1983! Mimi naandikwa sina kazi, na wenzetu wanamaliza safari hiyo. Lakini ripoti yenu ikisema tu kwamba walizaa wachache, wasomaji watakwenda na nusu ya habari. Watoto walipopungua, fedha iliyobaki waliipeleka shule, na waliotoka shule walikuta viwanda vya nguo, vya meli na vya redio vinawasubiri. Mambo matatu yalikwenda pamoja. Sisi bado tuko kwenye la kwanza. Umeniandikia mwenyewe kwamba utafiti wa 2022 ulikuta mwanamke wa Tanzania anazaa wastani wa watoto 4.8, na walio chini ya miaka 15 wanazidi arobaini katika kila watu mia. Basi hilo kundi la kufanya kazi la kuwazidi wategemezi kwa mbali tunalisherehekea kabla halijafika.

Na bado siwezi kusema nadharia yenu ni ya uongo, maana imetokea ndani ya nyumba hii. Bibi yako alizaa tisa, akazika watatu. Katika sita tuliobaki, ni mimi na ami yako tu tuliomaliza darasa la saba, kwa sababu sare zilikuwa mbili. Mama yako alipokwenda kliniki kwa ajili ya uzazi wa majira, watu wa mtaa huu walisema maneno, na mimi nilikuwa mmoja wao kwa muda. Tukaishia wanne. Mwaka ule ulipofaulu kwenda kidato cha tano, niliuza mashine ya kukereza niliyoinunua kwa mkopo, tukalipa. Siku ile unapanda basi na godoro lako limefungwa kamba, nilisimama stendi nikafanya hesabu ambayo sikumwambia mtu: wangekuwa tisa, huyu angebaki. Sijui furaha gani nyingine inafanana na ile. Hiyo ilikuwa hisa, Mwanahamisi, na gawio lake ni hii barua ninayomwandikia mtu wa takwimu.

Halafu kuna Kombo. Nyumba ile ile, sahani ile ile, na yeye tulimsomesha mpaka kidato cha nne, tena bila ada, maana ilikuwa imeshafutwa. Hisa tuliweka. Ana miaka 24 na anaendesha pikipiki ya mtu, anampelekea mwenye pikipiki hesabu ya kila siku kwanza, kinachobaki ndicho chake, na siku nyingine hakibaki. Anasubiri bomba la mafuta la Chongoleani. Wote wanasubiri bomba. Kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, mpaka bahari yetu, na nimemwambia bomba linahitaji watu wengi siku ya kulilaza, likishalala linahitaji wachache wenye ufundi wa kulilinda. Nikamwambia aende VETA, chuo cha ufundi, achukue uchomeleaji kamili, wa cheti, asiende na mabega tu kama babu yake. Akaniuliza, "Baba, nikiwa darasani hesabu ya tajiri italipwa na nani?" Sikuwa na jibu, nikamwambia tutazungumza.

Kwa hiyo ukiniuliza neema au mzigo, ninalo neno na liko kwenye ncha ya kalamu. Nimeliandika mara mbili na mara mbili nimelikata, utaona hapo wino ulivyochafuka. La kwanza nililiandika nikiwa namtazama Kombo anavyolala mchana pikipiki ikiwa gereji. La pili nililiandika jana, vijana wawili walipokuja kijiweni wakiomba niwafundishe, nikawapa mpira na karai, na mmoja wao, bila kuambiwa, akaweka kidole juu ya kapovu asikipoteze. Sitaki kulitoa neno lolote juu yao wakati bado wana miaka arobaini ya umri wenu huo mbele yao. Nazuia, na kuzuia kwenyewe kunanisumbua.

Ila ombi ninalo. Kwenye madodoso yenu mnayopeleka kwa watu, baada ya lile swali la kazi, ongezeni swali la shilingi ngapi jioni, na jingine, kazi hiyo imekufundisha nini tangu uanze. Wakubwa zako wakikataa, niambie walisema nini.

Ukija Idi pita Kariakoo uninunulie spoki za inchi 28, pakiti mbili, na funguo za spoki tatu. Sasa tuko watatu chini ya mkungu na ufunguo ni mmoja.

Mama yako anakusalimu, anasema wajukuu wasije bila sweta, baharini kuna upepo siku hizi.

Ni mimi baba yako.
Ngamiani, Tanga